UZI: Sentensi moja, nusu mbili. Vyombo vya habari na mjadala wa kuavya mimba Kenya

1. Wadau, huu uzi ni mrefu kidogo, chukueni chai. Siasa zikipamba moto, mada ya kuavya mimba hurudi mezani, na lawama hufuata ileile: "Media imenunuliwa." Wanaopinga wanasema waandishi wako mfukoni mwa mashirika. Wanaotetea wanasema waandishi wanaogopa kanisa. Sasa nani anasema ukweli? Turudi kwenye historia, kutoka sheria ya mkoloni hadi mahakama ya Malindi, tuone hizi habari zimekuwa zikiandikwaje.

2. Kanuni zetu ni zilezile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Na sitamwambia mtu aamini nini kuhusu mimba yenyewe. Hiyo ni dhamiri yako na Mungu wako. Swali langu ni moja tu: msikilizaji wa redio hapa Embulbul, akizima redio, amejua sheria inasema nini? Au amejua tu nani alipiga kelele zaidi?

3. Tuanze na mkoloni. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni ya mwaka 1930. Kabla yake tulikuwa tunatawaliwa na sheria ya jinai iliyoletwa kutoka India. Vifungu vya 158, 159 na 160 vinafuata sheria ya Uingereza ya 1861. Anayemsaidia mwanamke kutoa mimba kinyume cha sheria: hadi miaka 14 jela. Mwanamke mwenyewe: hadi miaka 7. Anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika hivyo: hadi miaka 3.

4. Lakini kuna kifungu cha 240, ambacho utangoja sana kabla ukisikie redioni. Kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Yaani hata sheria ya mkoloni ilikuwa na mlango mdogo. Uingereza wenyewe walibadilisha sheria yao mwaka 1967. Sisi tulibaki na yao ya zamani. Hii ni historia ya kawaida kabisa, lakini ukisikia mtu anasema "utamaduni wetu" na mwingine anasema "sheria zetu", jua kwamba maneno ya hiyo sheria yaliandikwa London enzi za Malkia Victoria.

5. Kwa miaka mingi redio na televisheni zilikuwa za serikali. KTN ilipokuja mwaka 1990 ndipo tukaanza kuwa na skrini ya pili. Redio za binafsi, za lugha za mama na za makanisa zikafuata. Maiki ziliongezeka. Lakini kuongezeka kwa maiki si sawa na kuongezeka kwa haki. Kituo cha kanisa kina msimamo wake na kinausema wazi, hiyo si dhambi. Shida huanza pale kituo kinachojiita cha habari kinapokuwa na msimamo na kinauficha.

6. Sasa njoo Mei 2004. Hii ndiyo habari iliyotengeneza jinsi Kenya inavyoongea kuhusu mada hii. Vijusi 15 vilipatikana vimetupwa kwenye mifuko jijini Nairobi, pamoja na karatasi zilizosemekana kuwa za kliniki fulani. Daktari mmoja na wauguzi wawili wakakamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Si kwa kosa la kuavya. Mauaji, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Walikaa rumande karibu mwaka mzima.

7. Juni 2005 Mahakama Kuu ikawaachilia. Ushahidi haukutosha hata wao kuitwa kujitetea. Sasa fanya jaribio hili nyumbani: uliza mtu wa rika la wazazi wetu kama anakumbuka ile mifuko ya 2004. Kisha muulize kesi iliishaje. Picha ya siku ya kwanza hukaa kichwani. Hukumu ya mwaka mmoja baadaye ni maneno tu, haina picha.

8. Hapa ndipo tunapata upendeleo wa kwanza, na hauhitaji rushwa wala njama. Kukamatwa ni habari ya leo. Kuachiliwa ni habari ya mahakamani, mwandishi mwingine, ukurasa mwingine. Polisi huita kamera wakimkamata mtu, lakini hawaiti kamera akiachiliwa. Kwa hivyo hata kama kila mwandishi ni mkweli, jumla ya habari inaweza kudanganya. Shikeni hapo, tutarudi.

9. Tuende 2010. Rasimu ya Katiba ikagongana na swali hili. Baraza la Maaskofu wa Kanisa Katoliki na NCCK wakasema hapana kwa Katiba, sababu zao kubwa zikiwa mahakama za Kadhi na kifungu cha uhai. Rangi zikagawanywa, kijani Ndio, nyekundu La. Agosti 4 tukapiga kura, na Ndio ikashinda kwa karibu theluthi mbili. Agosti 27 Katiba ikaanza kufanya kazi.

10. Ni nini hasa kilichoandikwa? Kifungu cha 26(2): uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kifungu cha 26(4): kuavya mimba hakuruhusiwi, ISIPOKUWA kama kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Soma tena polepole. Ni sentensi moja yenye nusu mbili.

11. Basi kampeni ya 2010 ikawa hivi: upande mmoja unasoma nusu ya kwanza, "hairuhusiwi", na kuwaambia watu msihofu. Upande mwingine unasoma neno "afya" na kusema mlango umefunguliwa wazi. Kazi ya mwandishi ilikuwa rahisi sana: isome sentensi yote, ieleze, halafu ndiyo umpe kila mtu maiki. Mara ngapi tulipata badala yake mtu wa Ndio na mtu wa La wanarushiana maneno, halafu mtangazaji anauliza, "Wewe nyumbani unaonaje?"

12. Wacha niseme jambo ambalo ndilo kiini cha uzi huu. Katika mjadala huu kuna maswali ya aina mbili. Kuna maswali ya ukweli: Katiba inasema nini? Mahakama iliamua nini? Wanawake wangapi walitibiwa? Haya yana majibu, hata kama jibu ni makadirio. Halafu kuna maswali ya dhamiri: kijusi kina hadhi gani? Mama ana haki hadi wapi? Haya watu wema wenye akili timamu hutofautiana, na watatofautiana hata mwaka 2100.

13. Haki katika habari ni kuyashughulikia maswali haya kwa njia tofauti. Swali la ukweli, nenda utafute jibu ulete. Swali la dhamiri, sikiliza pande zote kwa heshima. Media zetu mara nyingi hufanya kinyume. Swali la sheria linapigiwa kura kwa simu za wasikilizaji, kana kwamba Kifungu cha 26 kitabadilika mtu wa Rongai akipiga simu. Na swali la dhamiri linajibiwa kimyakimya kwa neno moja ndani ya kichwa cha habari.

14. Maneno, basi. Kiswahili chetu kina utajiri hapa. Mimba "kuharibika" ni bahati mbaya. "Kutoa" mimba ni tendo. "Kuavya" ni neno la magazeti na taarifa ya habari. Halafu mtu akiandika "kuua mtoto tumboni" ameshatoa hukumu kabla ya aya ya kwanza. Lakini pia mtu akiandika "huduma ya afya ya uzazi" tu, bila kusema ni huduma gani, naye ameficha kitu ambacho msomaji ana haki ya kujua. Upendeleo hauko upande mmoja.

15. Hili si letu peke yetu. Marekani, shirika la habari la Associated Press lina mwongozo unaowaambia waandishi wasitumie majina ambayo kila upande umejipa. Waandike wazi: wanaopinga uavyaji, wanaotetea haki ya kuavya. Sisi tuliyachukua yale majina ya Wamarekani vilevile, "tetea uhai" na "tetea uchaguzi", kama mitumba. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta uamuzi wa 1973, baadhi ya Wakenya mitandaoni walibishana kana kwamba ni sheria yetu imebadilika. Haikubadilika hata nukta.

16. Sasa takwimu. Mwaka 2013 Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC walitoa ripoti: inakadiriwa mimba 464,690 zilitolewa Kenya mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara ya utoaji usio salama. Nambari kubwa. Lakini angalia neno "inakadiriwa". Hakuna aliyehesabu mlango kwa mlango. Watafiti walikwenda kwenye vituo zaidi ya 300, wakakadiria waliotibiwa, halafu wakatumia maoni ya wataalamu kukadiria wale ambao hawakufika hospitalini.

17. Hiyo njia ni ya kawaida kwa jambo linalofanywa kwa siri, na si uongo. Lakini habari ikisema tu "wanawake 464,690 walitoa mimba", imefuta kazi yote ya watafiti. Na mtu akijibu "hizo ni namba za kupika", naye hajajibu chochote. Nambari ya waliotibiwa ina msingi wa karibu zaidi, kwa sababu inatoka vituoni. Ile kubwa ina safari ndefu zaidi. Mwandishi wa haki angekwambia ipi ni ipi. Sentensi mbili tu zingetosha.

18. Kati ya 2012 na 2014 kukatokea kitu cha ajabu ambacho wengi hawajui. Mwaka 2012 Wizara ikatoa mwongozo kwa wahudumu wa afya kuhusu kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama. Desemba 2013 mwongozo ukaondolewa. Februari 2014 ikatoka barua kukataza hata mafunzo. Na Kanuni ya Adhabu ya 1930 bado ilikuwa palepale, haijarekebishwa ifanane na Katiba. Kwa hivyo muuguzi ana Katiba mkono mmoja, Kanuni ya Adhabu mkono mwingine, na katikati hakuna maelekezo.

19. Barua ya wizara haina picha. Haina mtu analia, haina polisi. Ndiyo maana haikuwa gumzo la matatu. Lakini matokeo yake yalikuwa na sura ya mtu. Msichana mmoja wa kaunti ya Kisii alinajisiwa akiwa na miaka 14, akapata mimba, akapitia utoaji usio salama, figo zikaharibika, akafariki mwaka 2018. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani pamoja na FIDA Kenya.

20. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakatoa uamuzi. Kuondolewa kwa mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria. Mimba inayotokana na ubakaji au unajisi inaweza kutolewa iwapo mtaalamu wa afya anaona afya ya mama, ya mwili au ya akili, iko hatarini. Mama akapewa fidia ya shilingi milioni 3. Na wakati huohuo majaji wakasema kuavya mimba kunabaki haramu nje ya yale ya Kifungu cha 26(4).

21. Kwa hukumu hiyo moja ungeweza kuandika vichwa viwili vya habari. Cha kwanza: Mahakama yasema kuavya mimba bado ni haramu. Cha pili: Mahakama yaruhusu waliobakwa kutoa mimba. Vyote vina ukweli ndani, vyote vimekatwa nusu. Na mtu anayesoma kichwa tu kwenye simu, bando ikiwa imebaki kidogo, anabeba nusu aliyopewa kwenda nayo kwa chama, kwa ibada, kwa kijiwe.

22. Kabla ya hapo, Novemba 2018, kulikuwa na sakata la Marie Stopes. Matangazo yao ya redio yakalalamikiwa. Bodi ya Kuainisha Filamu ikaamuru yakome. Kisha bodi ya madaktari ikaagiza shirika lisitishe huduma zote za kuavya mimba nchini. Desemba marufuku ikaondolewa. Hapa kuna maswali mazuri ambayo mjadala wa kelele uliyameza: bodi ya filamu ina mamlaka gani juu ya tangazo la afya? Je, tangazo lilivuka mipaka ya sheria au la? Na yule ambaye mimba imeharibika yenyewe, anavuja damu, anaenda wapi wakati mlango umefungwa?

23. Tuongee pesa za nje. Januari 2022 utafiti wa Mozilla ulionyesha jinsi kampeni za hashtegi kwenye Twitter Kenya, za kupinga miswada ya afya ya uzazi, zilivyohusishwa na CitizenGO, shirika lenye makao Uhispania. Wengi walishtuka. Sawa, ni haki kushtuka. Lakini haki inadai tuseme pia kwamba upande wa pili una mashirika yenye mizizi London na New York. Na sera ya Marekani ya kunyima fedha mashirika yanayohusika na kuavya, iliyoanza 1984, imekuwa ikiwashwa na kuzimwa kila White House inapohamia chama kingine.

24. Kwa hivyo mwandishi akimtaja mmoja "shirika la kigeni" na mwingine "wanaharakati", au mmoja "viongozi wa dini" na mwingine "vibaraka wa wazungu", amepiga kura kabla yako. Taja pesa za wote au usitaje za yeyote. Na pia tusisahau: Mkenya anaweza kulipwa na mtu wa nje na bado aamini kabisa anachosema. Pesa ni habari, lakini si jibu la hoja.

25. Machi 2022, Malindi. Msichana wa Kilifi mwenye matatizo ya mimba alitibiwa kliniki, polisi wakavamia, wakamkamata yeye na mhudumu aliyemtibu. Mahakama Kuu ikasema kukamatwa kwao hakukuwa halali, ikafuta kesi dhidi yao, na ikasema huduma hiyo ni haki inayolindwa na Katiba ndani ya mipaka ya 26(4). Habari ikazunguka dunia kama "Kenya yatangaza kuavya mimba ni haki". Ile "ndani ya mipaka" ikapotelea njiani. Rufaa ikakatwa. Mtu akikuambia "mambo yalishaamuliwa", muulize: mahakama gani, lini, na nini kimefuata baada ya hapo?

26. Sasa mnauliza, haya yote yanatuhusu nini watu wa Kajiado? Embulbul iko kati ya Karen na Ngong, dakika chache kwa 111. Upande mmoja kuna hospitali za binafsi ambako mwenye pesa anaongea na daktari, mlango umefungwa, bila mwandishi. Upande mwingine kuna msichana anayeuliza kemisti, au rafiki, au simu. Yule wa kwanza hatawahi kuwa habari. Wa pili atakuwa habari siku akikamatwa au akifa. Halafu tunashangaa kwa nini kwenye habari inaonekana ni tabia ya maskini.

27. Huu ndio upendeleo ambao hakuna upande unaoulalamikia sana: upendeleo wa nani haongei. Studio inajaa mchungaji, mwanaharakati, wakili. Wote naheshimu. Muuguzi wa zahanati, aliye na Katiba mkono mmoja na Kanuni ya Adhabu mkono mwingine? Hayuko. Mwanamke aliyetoa akajuta? Hayuko, au ni kivuli kwenye kiti. Mwanamke aliyetoa asijute? Vilevile. Aliyekatazwa akazaa, na leo mtoto yuko darasa la nne? Naye hayuko. Wanaoongea wana msimamo, wanaoishi hawana maiki.

28. Kuna sheria ya kutumia hapa, msikae tu mkilalamika. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Kifungu cha 35(2) kinampa kila mtu haki ya kurekebishwa au kufutwa kwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ina maadili ya uanahabari: usahihi, haki, kutotambulisha waliodhulumiwa kingono. Na kuna Tume ya Malalamiko ya kupeleka kesi. Kulalamika kwa utaratibu si kuziba mdomo wa mwandishi. Kumtisha mwandishi kwenye DM ndiko kuziba mdomo.

29. Ukikutana na habari ya aina hii wiki ijayo, iulize hivi:
– Kifungu cha 26(4) kimenukuliwa chote au nusu?
– Nambari ni hesabu au makadirio, na imetoka wapi?
– Pande zote zimeitwa kwa majina ya haki, na pesa za wote zimetajwa?
– Mtu amekamatwa: kesi iliishaje?
– Nani angepaswa kuongea na hakuitwa?
Habari ikifaulu maswali hayo na bado ikakukera, basi pengine si upendeleo. Pengine ni ukweli ambao hukuupenda. Hilo pia lipo, tuwe wakweli.

30. Jibu la swali la mwanzo, basi: media imenunuliwa? Historia hii inaonyesha kitu rahisi zaidi na kigumu zaidi kurekebisha. Kukamatwa kuna picha, hukumu haina. Kelele ni rahisi kurusha, sentensi ndefu ya Katiba si rahisi. Barua ya wizara haichekeshi mtu. Katikati ya hayo yote, muuguzi hajui kama akimsaidia anayevuja damu atalala kwake au rumande, na muumini anayeamini kwa dhati uhai ni uhai anaonekana adui wa wanawake. Wote wawili wamekosewa na habari zilezile.

31. Mwisho wa uzi. Kama una kichwa cha habari unachodhani kilikata sentensi nusu, kiweke hapa chini, upande wowote ule, tukisome pamoja. Matusi hapana, majina ya wanasiasa hapana. Uzi ujao: kwa nini kila rasimu ya Katiba Kenya hugombaniwa kwenye vifungu vitatu tu, wakati vingine zaidi ya mia mbili havisomwi na mtu.